Ziwa Turkana: anza na maji, kisha uende kijijini

Wageni wengi ninaowapokea Loiyangalani, kwenye ufuo wa kusini-mashariki wa Ziwa Turkana, hushuka garini wakiwa na ombi moja, nalo ni kupelekwa moja kwa moja kuliona "kabila dogo kuliko yote nchini Kenya". Siwakatalii, ila huwaomba wasubiri hadi kesho yake. Mimi ni mtaalamu wa samaki, na kazi ya kuongoza wageni niliiingia baadaye, kwa hiyo huenda navutia upande wangu. Hata hivyo nimeona mara nyingi kwamba anayefika kwa jamii ya El Molo kabla hajalielewa ziwa huondoka na picha nyingi bila kuuliza swali hata moja.

Siku ya kwanza, basi, tunashinda ufuoni. Humwomba mgeni achote maji kwa kiganja, ayasugue kwa vidole, kisha aonje tone moja tu. Vidole huteleza kana kwamba vimeshika sabuni, na ulimini hubaki ladha ya magadi. Ziwa hili halina mto unaotoka ndani yake: maji huingia yakiwa na chumvichumvi zake, na njia pekee ya kuondoka ni kugeuka mvuke kwa jua na upepo, ambao huchukua zaidi ya mita 2 za kina kila mwaka, huku chumvi zote zikibaki. Yana pia floraidi nyingi, na ndiyo sababu ya meno ya kahawia utakayoyaona kwa watu waliokulia hapa. Ukishajua hivyo, utakuwa na haya ya kumwomba mtu atabasamu kwa ajili ya kamera yako.

Sehemu kubwa mno ya maji hayo hutoka Mto Omo, nchini Ethiopia. Zamani za mvua nyingi ziwa lilikuwa juu sana kuliko lilivyo leo, likafurika hadi kuungana na Nile, na ushahidi ninaoupenda kuliko wote umo ndani ya wavu: sangara. Kule Ziwa Victoria samaki huyu aliletwa na watu katika miaka ya 1950, na madhara yake yanajulikana. Hapa Turkana ni mwenyeji wa tangu na tangu, anaishi na aina nyingine takriban 50 bila kuzimaliza. Mamba nao ni wale wale wa Nile. Wengi huzaliana katika Kisiwa cha Kati, mlima wa volkano wenye maziwa matatu ndani ya kreta zake, ingawa kisiwa hicho ni rahisi zaidi kukifikia ukitokea upande wa magharibi, kupitia Lodwar. Upande wetu wa mashariki, mwenye gari imara na siku za kutosha aende kaskazini hadi Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi, ambako nyamera, choroa na punda milia hushuka karibu na maji, na ndege wahamao hupumzika wakiwa njiani kwenda au kutoka Ulaya.

Hifadhi hizo ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1997, na mwaka 2018 zikawekwa miongoni mwa zilizo hatarini, hasa kwa sababu ya bwawa la Gibe III lililojengwa kwenye Omo. Watu hudhani hofu ni kukauka kwa ziwa tu. Kwa mtu wa samaki, hofu kubwa zaidi ni mpigo wa mto: mafuriko ya kila mwaka ndiyo yaliyokuwa yakileta rutuba na kuwaashiria samaki wengi kwamba wakati wa kuzaa umefika, na bwawa huyasawazisha mafuriko hayo.

Kuhusu upepo nitasema machache. Huvuma kwa nguvu usiku hadi asubuhi, na saa ya kuondoka huamuliwa na nahodha peke yake. Siku moja nilimshurutisha mmoja tuondoke mapema kwa kuwa maji yalikuwa yametulia. "Mwalimu, tazama Kulal kwanza," akanijibu, akiuelekezea kidole mlima uliokuwa umefunikwa na wingu. Haikupita nusu saa ziwa lote likawa jeupe kwa povu, nami sijabishana naye tena.

Sasa twende kijijini. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu wapatao 1,100 wa jamii ya El Molo. Lugha yao ya asili ni ya Kikushi, lakini leo wanazungumza Kisamburu, na Kiswahili kinatutosha sote. Onana kwanza na wazee, mpatane ada na habari ya picha, ndipo utembee. Katika ziara yangu moja tulikaa na mama mmoja aliyekuwa akipasua ngege kwa ajili ya ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa juani: kisu kilipita mgongoni, samaki akafunguka kama kitabu, matumbo yakaruka nyuma ya bega lake bila yeye kugeuka, na ndege walikuwa tayari wanayasubiri. Mzee aliyekuwa kando alitueleza jinsi babu zake walivyomwendea kiboko kwa chusa, wakiwa juu ya chelezo cha magogo ya mkoma, na heshima aliyopata aliyemchoma wa kwanza. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. "Sasa kiboko ni wa serikali," akasema, akarudi kwenye wavu wake.

Kisha likaja jambo ambalo wengi wetu hatukulitarajia, maana tulikuwa tukijadili kupungua kwa maji. Mvua kubwa za miaka ya karibuni zililipandisha ziwa hadi, kufikia mwaka 2020, Komote, kijiji kilichokuwa kimeungana na nchi kavu, kikawa kisiwa. Makaburi yalizama. Bomba lililoleta maji matamu lilizama pia, na watoto wakaanza kuvuka kwa mashua kwenda shule.

Ndiyo maana nikiwaambia wageni wabebe maji yao ya kunywa, husisitiza yawatoshe hadi siku ya kuondoka, wasitegemee ya wenyeji. Mara ya mwisho nilipovuka kwenda Komote na wageni wanne, nahodha aliwapanga pembeni ili mitungi sita ya mama mmoja ikae katikati ya mashua. Mgeni mmoja, ambaye jana yake alikuwa ametema lile tone la ziwa, aliitazama mitungi hiyo kwa muda mrefu, kisha akamwuliza mama yule inamtosha siku ngapi.