Je, wajua kwa nini watafiti hupiga kura ya bahati nasibu nani apewe dawa na nani asipewe?

Mwambie mtu kwamba kwenye utafiti fulani, nani apate dawa na nani apate kidonge kisicho na dawa iliamuliwa kwa kura, uone atakavyokunja uso. Kwa nini daktari asimpe anayehitaji zaidi? Swali ni la haki kabisa, na jibu zuri kuliko yote ninayoyajua lilipatikana hapa hapa Dar es Salaam, kwa akina mama waliokuwa wakihudhuria kliniki za wajawazito miaka ya tisini.

Kwanza twende Malawi. Mwaka 1994 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa akina mama 338 wenye virusi vya UKIMWI. Miongoni mwa waliokuwa na vitamini A kidogo kabisa kwenye damu, asilimia 32 waliwaambukiza watoto wao. Kwa waliokuwa nayo nyingi, ni asilimia 7 tu. Wakati ule ARV zilikuwa hazijamfikia mama wa kawaida wa Temeke au Tandale, na vitamini A ni kitu cha bei ndogo. Ni nani asingetamani ianze kugawiwa kesho yake?

Lakini kuna jambo lilijificha. Mwili ukipambana na maradhi, vitamini A kwenye damu hushuka. Basi huenda mama mwenye vitamini A kidogo ndiye yule ambaye ugonjwa umeshamzidi, na kuzidiwa huko ndiko kunakoongeza hatari ya kumwambukiza mtoto. Kama ni hivyo, kumpa vitamini ni kupunga moshi ukidhani unazima moto.

Wengine watasema: wapeni wanaotaka, waacheni wasiotaka, kisha mlinganishe. Hapo ndipo tafiti nyingi zinapoharibika. Mama anayejinunulia vitamini kwenye duka la dawa Mikocheni mara nyingi ana kipato, anakula vizuri, na akiumwa usiku anapata usafiri wa kumfikisha hospitali. Mtoto wake akiwa na afya njema, utaisifu vitamini au utausifu mfuko wa mama? Mtafiti anaweza kuuliza kipato na elimu, halafu akavizingatia kwenye hesabu zake. Ila atazingatia yale tu aliyokumbuka kuyauliza. Kura inasawazisha hata yale ambayo hayakumjia akilini, mradi washiriki wawe wengi. Wakiwa 20 tu, bahati yenyewe inaweza kuwarundika wagonjwa zaidi upande mmoja.

Ndivyo walivyofanya watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard, wakiongozwa na Wafaie Fawzi na Gernard Msamanga. Kuanzia 1995 hadi 1997 waliandikisha wajawazito 1,078 wenye virusi, mimba zao zikiwa za wiki 12 hadi 27. Kura iliwagawa katika makundi manne: vitamini A peke yake, mchanganyiko wa vitamini B, C na E, vyote viwili pamoja, au kidonge kisicho na vitamini. Mpangilio huu naupenda sana, kwa sababu matokeo ya kila mama yalijibu maswali mawili kwa mara moja, la vitamini A na la mchanganyiko. Mama hakujua yuko kundi gani, wala muuguzi aliyempima hakujua, ili matumaini ya yeyote yasiingie kwenye vipimo. Wala waliopata kidonge kitupu hawakutelekezwa: wajawazito wote walipewa madini ya chuma na foliki, pamoja na klorokwini ya kukinga malaria kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo.

Mwaka 1998 majibu ya kwanza yakatoka. Kwa waliopata mchanganyiko, mimba 30 ziliishia kwa kifo cha mtoto tumboni. Kwa wasioupata, 49. Watoto wenye uzito mdogo nao walipungua sana. Vitamini A haikuonyesha faida hizo. Kisha mwaka 2002 likaja lile zito: hadi kufikia miezi 24, watoto walioambukizwa walikuwa asilimia 34 kwa akina mama waliopewa vitamini A, na asilimia 25 kwa ambao hawakupewa. Kile kilichodhaniwa kinga kilikuwa kimeongeza maambukizi. Bila kura tungekigawa kwa moyo mweupe, na pasingekuwa na mtu wa kugundua.

Kura haitibu kila kasoro. Mama akihama Manzese kwenda Mbagala asionekane tena, matokeo yake hupotea naye. Wakipotea wengi upande mmoja kuliko mwingine, ule usawa wa mwanzo unavunjika. Ndiyo maana nikisoma utafiti wowote natafuta mapema waliandikishwa wangapi na waliofuatiliwa hadi mwisho ni wangapi. Halafu naangalia kama kuna waliopata majibu kama hayo kwingine. Majaribio ya Durban, Afrika Kusini, na ya Malawi kwenyewe, yaliyofanywa kwa kura, hayakuona vitamini A ikipunguza maambukizi.

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo kwamba wajawazito wenye virusi wasipewe vitamini A kwa lengo la kumkinga mtoto na maambukizi. Matone ya vitamini A wanayopewa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ni habari nyingine kabisa. Hayo yana ushahidi wake, na mzazi asiache kumpeleka mtoto kuyapata.