Utando uliopakwa chuma si chekeche

"Matundu yake ni madogo mno, hiyo aseniki itapita wapi?" Kauli hii hutolewa na karibu kila anayefunga utando wa polima (aina ya plastiki) uliopakwa oksidi ya chuma, yaani kutu, ili kuondoa aseniki, sumu iliyoyeyuka katika maji ya kisima, na inachosha kwa sababu ndiyo inayowanywesha watu sumu huku wakiamini wamejikinga.

Kwa ukubwa wake, aseniki ingeweza kupita katikati ya tundu bila kugusa ukingo. Tundu la utando wa aina hii huwa na upana wa mikromita 0.1 hivi, yaani nanomita 100, wakati aseniki iliyoyeyuka majini haifiki hata nanomita moja. Polima kazi yake ni kubeba tu. Kinachoishika aseniki ni ile oksidi iliyopakwa: aseniki inajifunga kwenye uso wa oksidi kwa kifungo cha kikemia, nafasi moja baada ya nyingine, hadi nafasi ziishe. Fikiria ghala, usifikirie chekeche.

Piga hesabu uone ghala lenyewe lilivyo dogo. Chukua mita moja ya mraba yenye gramu 5 za oksidi ya chuma, na tuseme kila gramu inashika miligramu 10 za aseniki. Jumla ni miligramu 50. Maji yana mikrogramu 100 kwa lita, nawe unataka yashuke hadi 10, kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kila lita inaacha mikrogramu 90, kwa hiyo lita 555 zikipita, hakuna nafasi tena. Kwa nyumba inayotumia lita 50 kwa siku, hizo ni siku 11, na aseniki huanza kuvuja kabla ya hapo, maana nafasi za mwisho hushika kwa uvivu. Siku ya 12 maji yanatoka kwa kasi ileile, meupe vilevile, na presha haijapanda hata kidogo, kwa kuwa aseniki iliyonaswa haizibi kitu. Utando ukiziba utajua tu. Ukijaa, hakuna dalili yoyote utakayoiona kwa macho.

Kwa hiyo funga mita ya maji kwenye bomba la kutokea, uhesabu lita badala ya miezi. Lita zikifika nusu ya makadirio yako, pima aseniki ya maji yaliyochujwa, kisha rudia kila baada ya lita chache mia. Ukiona mikrogramu 5, andaa utando mwingine, usingoje 10. Na ile namba ya uwezo iliyoandikwa kwenye karatasi ya bidhaa usiichukue ilivyo. Mara nyingi hupimwa kwa maji safi ya maabara yenye aseniki nyingi kuliko ya kisima, na aseniki ikiwa chache, gramu ileile hushika kiasi kidogo zaidi.

Halafu kuna wanaoongeza presha ili maji yatoke upesi. Utando wenye unene wa milimita 0.15, ambao asilimia 70 yake ni uwazi, ukipitisha lita 50 kwa saa kwa kila mita ya mraba, maji hukaa ndani yake sekunde 7 na nusu tu. Yapitishe lita 500, unabakiwa na chini ya sekunde moja. Oksidi inahitaji muda wa kushika.

Dhana nyingine ni kwamba aseniki zote ni moja. Maji ya kisima kirefu yasiyo na oksijeni huwa na aseniti (aseniki ambayo haijaoksidishwa) kwa wingi, na chini ya pH 9 (pH ni kipimo cha uasidi) aseniti haina chaji, hivyo katika maji ya kawaida hushikwa kwa shida kuliko aseneti (aseniki iliyooksidishwa). Igeuze kwanza iwe aseneti kwa klorini. Kinadharia miligramu 0.95 za klorini zinatosha miligramu moja ya aseniti, lakini chuma kilichoyeyuka na amonia hula klorini hiyo kabla, kwa hiyo ongeza hadi ibaki klorini huru kidogo maji yanapofika kwenye utando. Kuyaacha tu kwenye tangi yapigwe na hewa hakutoshi. Oksijeni peke yake huchukua siku nyingi.

Kosa linaloua tando nyingi ni kuziosha kwa asidi ya sitriki "kutoa kutu". Kwa utando wa kawaida ushauri huo ni mzuri. Hapa ile kutu ndiyo dawa yenyewe: yale maji ya rangi ya chungwa yanayotoka ni mpako wako unaondoka, pamoja na aseniki iliyokuwa imeshikwa. Kuondoa aseniki iliyojaa ghalani hufanywa kwa soda kali (hidroksidi ya sodiamu), gramu 4 kwa lita, unaizungusha, unasuuza, kisha unashusha pH hadi karibu 7 kwa asidi hafifu. Kama polima ni ile iitwayo PVDF, usizidishe soda, kwani polima hiyo hugeuka kahawia na kuanza kukatika. Polima nyingine, polietasulfoni, huvumilia zaidi. Maji ya kuoshea yana aseniki yote uliyokusanya, usiyamwage ardhini. Shusha pH, tia kloridi ya feri (chumvi ya chuma), acha tope lituame, ulihifadhi kama taka ya sumu.

Kuchemsha? Maji yanapungua, aseniki inabaki, kwa hiyo inazidi kukolea. Kipima TDS, yaani jumla ya chumvi zilizoyeyuka, nacho hakioni kitu: mikrogramu 100 ni miligramu 0.1, nacho kinasoma mamia ya miligramu za chumvi. Ladha na rangi hazisemi lolote.

Kabla ya kununua utando wowote, pima fosfeti pamoja na aseniki. Umbo la fosfeti linafanana mno na la aseneti, hugombea nafasi zilezile, na kwa kawaida ipo majini kwa wingi zaidi. Zile siku 11 zinaweza kuwa 3.