Aisi ya polepole na dayodi ya redio: pedali ya mkwaruzo niliyoirekebisha mezani kwangu

Kijana mmoja mpiga solo aliniletea pedali ya mkwaruzo, kile kisanduku cha kukanyaga kinachopasua sauti ya gitaa, aliyojiundia mwenyewe. Baada ya shikamoo na marahaba akaiweka mezani na kusema, "Fundi, nimefuata mchoro wote, na vifaa nimenunua bora kuliko vya asili. Lakini sauti inakwangua masikio kama msumeno."

Niliifungua. Kulehemu kwake kulikuwa kusafi, risasi inang'aa, hakuna nyaya zilizogusana. Ila pale palipotakiwa kukaa aisi ya 741, kile kidude chenye miguu kinachokuza sauti, aliweka TL071, kwa sababu duka lilimwambia ni ya kisasa na ina kasi zaidi. Na badala ya dayodi (vifaa vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) za jemaniamu aliweka za silikoni, kwa kuwa ndizo zilizopatikana. Kazi yake haikuwa na kosa la ufundi. Tatizo lilianzia kwenye hayo maboresho, na nimeona wengi wakiingia shimo hilo hilo, ndiyo maana naandika.

Pedali yenyewe ni ya mtindo wa MXR Distortion+, iliyotoka Rochester, New York, miaka ya 1970. Mpiga gitaa wa roki Randy Rhoads aliitumia sana. Kwa anayejifunza naipenda kuliko zote kwa sababu ya uchache wake: aisi moja, dayodi mbili, vitufe viwili vya kuzungusha, rezista na kapasita chache, betri ya volti 9. Ukijua kushika pasi ya kulehemu unaimaliza mchana mmoja kwenye kipande cha bodi ya matundu.

Kazi yake ni hii. Sauti ya gitaa inaingia ikiwa ndogo sana. Aisi inaikuza. Ukuzaji unaamuliwa na rezista ya megaomu 1 inayorudisha sauti kutoka mguu wa 6 kwenda mguu wa 2, ikilinganishwa na njia ya kwenda ethi (upande hasi wa betri) yenye rezista ya kilo-omu 4.7, kapasita ya nanofaradi 47 na kitufe cha kilo-omu 500. Kitufe kikiwa chini kabisa, sauti inakua kama mara 3. Kikiwa juu kabisa zinabaki zile kilo-omu 4.7 peke yake, na ukuzaji unafika kama mara 214. Baada ya hapo sauti inapita kwenye rezista ya kilo-omu 10 na kukutana na dayodi mbili zilizofungwa kwenda ethi, moja ikitazama huku na nyingine kule. Wimbi likipanda kupita kiwango cha dayodi, kichwa chake kinakatwa. Likishuka, vivyo hivyo. Mkwaruzo wote tunaoupenda ni mawimbi yaliyokatwa vichwa.

Sasa turudi kwa 741. Hii aisi ilitoka Fairchild mwaka 1968, na kwa vipimo vya leo ni ya polepole. Uwezo wake ni kama megahezi 1 (mitetemo milioni moja kwa sekunde), na uwezo huo unagawanywa na ukuzaji: ukiikuza sauti mara 214, inabaki na nguvu kamili mpaka karibu hezi 4,700 tu. Juu ya hapo inaanza kuachia. TL071 ina megahezi 3, kwa hiyo inafika hezi 14,000. Mwenye duka alisema kweli, ina kasi. Lakini gitaa lina sauti kali nyingi juu ya noti yenyewe, na dayodi zikizikata zinazaa nyingine kali zaidi; 741, kwa uzito wake, inazipunguza kabla hazijafika kwenye dayodi. TL071 inazipitisha karibu zote.

Anayechomeka gitaa kwenye amplifaya ya gitaa anaweza asione tofauti kubwa, kwa sababu spika ya gitaa nayo haitoi mengi kupita hezi 5,000 hivi. Ila niambieni, ni bendi ngapi hapa Dar zina amplifaya ya gitaa? Tunachomeka moja kwa moja kwenye mikisa, sauti inatoka kwenye spika za ukumbi zenye honi (tarumbeta ya sauti za juu), na honi haimsamehe mtu. Huko ndiko msumeno wa yule kijana ulikotoka.

Kwa hiyo marekebisho yangu ya kwanza kwa wapigaji wetu ni kapasita ile ndogo iliyo sambamba na dayodi. Asili yake ni nanofaradi 1, ambayo kwa saketi hii haigusi chochote ambacho sikio linakisikia. Weka nanofaradi 4.7, itaanza kupunguza sauti za juu kuanzia karibu hezi 6,800. Kama ukumbi una honi kali sana weka nanofaradi 10, itaanzia karibu 3,200. Kwa mtu wa mikisa, hakuna kifaa cha bei ndogo kitakachomsaidia kuliko hiki.

Dayodi sasa. Za jemaniamu, kama 1N270 za asili, hukata wimbi kwenye volti 0.3 hivi, tena taratibu, kona ya wimbi inakuwa ya mviringo. Za silikoni, kama 1N4148, hukata kwenye 0.6 hadi 0.7 na kona inakuwa kali zaidi. Taa ndogo nyekundu za LED nazo ni dayodi, hukata kwenye 1.7 hivi, kwa hiyo sauti inatoka kubwa zaidi na wazi zaidi, mkwaruzo kidogo. Ninapenda kuweka swichi ya hatua tatu: juu jemaniamu, chini LED, katikati bila kitu. Hapo katikati aisi yenyewe ndiyo inayopasuka, na ni sauti nene. Jihadhari tu, ukitoka jemaniamu kwenda LED sauti inaruka juu ghafla. Punguza volyumu kwanza, usimshtue mwimbaji.

Jemaniamu dukani ni adimu, lakini mafundi redio wa zamani tunajua zilipo. Redio nyingi za transista za mawimbi ya kati, zile zilizokuwa kwenye kila sebule kijijini, zina dayodi moja ya jemaniamu. Itafute kati ya kile kijisanduku cha mwisho cha bati chenye koili na kitufe cha volyumu. Ni kioo kinachoonyesha ndani, kikubwa kuliko 1N4148, na ukikitazama vizuri unaona kiwaya chembamba kama unywele kimegusa kipande kidogo. Weka mita yako kwenye alama ya dayodi: ikisoma kati ya 0.2 na 0.35 ni jemaniamu, ikisoma zaidi ya 0.5 ni silikoni. Usiukunje mguu karibu na kioo, kitapasuka. Wakati wa kulehemu ubane mguu kwa koleo kati ya pasi na dayodi, koleo ibebe joto. Redio mbili mbovu zinakupa jozi. Zisipolingana sawasawa usihuzunike, wimbi likikatwa zaidi upande mmoja kuliko mwingine linaongeza utamu wake.

Hata mwanzo wa mambo haya ulikuwa kifaa kibovu. Huko Nashville, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika kurekodi wimbo wa mwimbaji Marty Robbins, chombo kimoja studio kiliharibika na gitaa la besi la Grady Martin likatoka limepasuka. Waliiacha sauti ile. Mhandisi Glenn Snoddy akaunda saketi ya kuiigiza, na mwaka 1962 kampuni ya Gibson wakaiuza kwa jina la Maestro Fuzz-Tone, transista tatu za jemaniamu ndani. Zambia jirani zetu waliipokea sauti ya aina hiyo kwa mikono miwili, na vikundi kama WITCH na Amanaz viliipiga miaka ya 1970.

Sisi wa dansi tuna shida yetu nyingine, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Noti mbili zikipita pamoja kwenye mkwaruzo hazitoki mbili. Zinazaa nyingine, ikiwemo moja yenye masafa sawa na tofauti kati yao. Piga hezi 220 na 330, yaani noti na ya tano yake: tofauti ni 110, ambayo ni noti ile ile ya kwanza, oktavu moja chini. Inanoga, na ndiyo sababu wapiga roki hung'ang'ania akodi hizo. Sasa piga 220 na 277, noti na ya tatu yake. Tofauti ni 57, noti isiyo na undugu na chochote unachopiga. Ni tope. Na solo letu, pamoja na majibizano ya rumba, limejaa noti mbili zinazokwenda sambamba kwa tatu na sita! Ukifungua mkwaruzo wote unaua kile kilichofanya gitaa lako lipendeze. Kwangu kitufe hakipiti robo ninapopiga noti mbili, na dayodi ni za jemaniamu. Nikifika sehemu ya noti moja moja, ndipo nafungua.

Kuna kapasita nyingine ya kuchezea, ile ya nanofaradi 47 niliyoitaja mwanzo. Kadiri unavyoongeza mkwaruzo ndivyo inavyokata besi: kitufe kikiwa juu kabisa, kila kilicho chini ya hezi 720 kinapungua. Ni makusudi, besi nyingi ikikatwa vichwa inakuwa uji. Ukitaka unene kidogo weka nanofaradi 100, mstari utashuka hadi karibu hezi 340. Zaidi ya hapo sishauri, besi ya bendi ina mwenyewe.

Kitufe cha mkwaruzo kinatakiwa kiwe cha aina iliyogeuzwa, yaani upinzani wake ushuke haraka mwanzoni na polepole mwishoni, ambacho sijawahi kukikuta Kariakoo. Cha kawaida kikifungwa kinakaa kimya safari nzima kisha kinalipuka mwishoni. Chukua cha volyumu ya redio cha kilo-omu 500 ukifunge kinyumenyume, mkwaruzo uongezeke ukizungusha kushoto. Mkono unazoea siku ya pili.

Usiache kuweka kapasita ya nanofaradi 1 inayotoka jeki ya gitaa kwenda ethi. Mimi sikuiweka kwenye pedali yangu ya kwanza, nikiona haina kazi, na usiku nikasikia taarifa ya habari ikisomwa ndani ya amplifaya. Ilikuwa kituo cha redio, kimeingia kwa waya wa gitaa. Kapasita ile ndiyo mlinzi wa mlango. Na kabla hujachomeka adapta yoyote, pima kwa mita ujue chanya iko ndani au nje, kwa maana 741 ikipewa umeme kinyume haidumu. Funga dayodi ya 1N4001 kwenye njia ya umeme iwe kinga. Aisi yenyewe ikae kwenye soketi, usiilehemu.

Pedali ya kijana niliirudisha kwenye 741, nikaweka nanofaradi 4.7, na dayodi mbili za jemaniamu nilizozing'oa kwenye redio mbili zilizokaa rafuni kwangu miaka, wenyewe hawakurudi kuzichukua. TL071 yake nilimrudishia ndani ya karatasi, na soketi ipo, akitaka kulinganisha ni kuchomoa na kuchomeka. Alipiga sita sambamba kutoka shingo hadi kitako cha gitaa, kitufe kwenye robo, na noti zote mbili zilisikika.