Kwanini feni ya kompyuta ina waya nne wakati umeme unataka mbili tu?

Ukinunua feni ya kuongeza kwenye kompyuta yako ya mezani utaona kale kaplagi kadogo kana matundu matatu au manne, na hapo ndo watu wengi wanakwama, maana feni ya nyumbani inazunguka kwa waya mbili tu, sasa hii ndogo hivi nyingine zinafanya nini?

Waya wa umeme ni mbili kweli, mmoja hasi na mwingine unaleta volti 12, na feni ingezunguka na hizo tu bila shida. Wa tatu ni wa kuripoti: kila feni ikizunguka mara moja inatuma mapigo mawili kwenye madabodi (lile bodi kubwa ambalo kila kitu cha kompyuta kinachomekwa), madabodi inahesabu, ndo maana ukiingia BIOS, ile menyu ya setingi za madabodi yenyewe, unakuta imeandikwa spidi, yaani mizunguko kwa dakika. Wa nne ni wa amri, madabodi inatuma ishara ya washa-zima kama mara 25,000 kwa sekunde na ile "washa" ikikaa muda mrefu zaidi feni inaongeza mwendo. Mbona nyingi hivyo? Sikio la mtu linaishia kwenye 20,000 hivi, ikiwa chini ya hapo feni inaweza kukulilia kama mbu.

Feni ya waya tatu haina waya wa amri, kwahiyo madabodi ikitaka kuipunguza inabidi ishushe volti zenyewe. Kuchomeka sio tatizo, feni ya waya tatu inaingia kwenye soketi ya pini nne na pini ya mwisho inabaki nje, kuna kaulimi ka plastiki kanakuzuia usikosee. Tatizo ni setingi. Soketi ikiwa imewekwa PWM, yaani ile njia ya ishara ya washa-zima, inatoa volti 12 zote muda wote, basi feni inapiga kelele kuanzia asubuhi na mtu anairudisha dukani eti mbovu, kumbe ni kuingia BIOS tu na kubadilisha iwe DC, yaani njia ya kushusha volti.

Soketi zenyewe zimeandikwa majina. CPU_FAN muachie feni ya prosesa, maana ikikaa tupu madabodi nyingi zinagoma kuwaka mpaka mwisho, za kuongeza weka CHA_FAN au SYS_FAN. Ila zile kompyuta za ofisini za Dell na HP, hasa zinazouzwa used, nyingine zina plagi zao wenyewe, kwahiyo fungua boksi la kompyuta (kesi) uangalie kabla hujatoa hela.

Soketi imebaki moja na feni unazo mbili? Tumia splita, kale kawaya kanakogawa soketi moja kuwa mbili. Soketi nyingi mwisho wake ni ampea 1, na feni ya milimita 120 kawaida inakula kati ya 0.1 na 0.3, imeandikwa kwenye stika katikati ya feni, jumlisha mwenyewe. Ukiichunguza hiyo splita utakuta plagi moja ina pini zote na nyingine imekosa ya tatu, usidhani imevunjika, imeachwa makusudi, feni mbili zikiripoti kwenye waya mmoja mapigo yanachanganyika na madabodi inasoma uongo.

Soketi zikiisha kabisa unachukua umeme moja kwa moja kwenye pawasaplai (kile kiboksi kinacholisha kompyuta nzima umeme), kwenye ile plagi kubwa ya Molex, na hapa rangi zinachanganya kwelikweli. Kwenye Molex njano ni volti 12 na nyekundu ni 5. Kwenye feni nyingi za waya tatu nyekundu ndo ya 12 na njano ndo ya kuripoti! Ukiunga nyekundu kwa nyekundu feni inapata volti 5, itajikokota au isianze kabisa. Adapta ya tayari ni bei rahisi, mi naona bora hiyo kuliko kukata waya.

Kabla hujafunga skrubu angalia upande. Ile mikono ya plastiki inayoshika mota ndo upande hewa inapotokea, kwahiyo feni ya mbele ya kesi mikono iangalie ndani ili ivute hewa ya nje, ya nyuma mikono iangalie nje. Zote zikitoa hewa nje, hewa ya kufidia itapita kwenye kila kitundu cha kesi na vumbi lake, wakati kichujio kipo mbele pale hakina kazi.