Ukarabati kabla ya kuuza nyumba haurudishi hela mara mbili

Ile meseji inayozunguka kwenye magrupu, eti ukiweka milioni 10 za tailzi na jipsamu kabla ya kuuza nyumba utarudishiwa 20, si kweli jamani. Mnunuzi wa Dar anaangalia kwanza eneo, hati, barabara na maji, halafu analinganisha na bei za jirani, kwa hiyo jiko la kifahari kwenye mtaa wa kawaida halibadilishi sana. Kinacholipa mara nyingi ni kurekebisha bati linalovuja, bomba, swichi mbovu, na kupaka rangi. Watu wanachanganyikiwa sababu wanasikia bei iliyotangazwa, siyo iliyolipwa, na saa nyingine kiwanja chenyewe ndo kimepanda. Kabla hujakopa, muulize mthamini aliyesajiliwa nyumba ina thamani gani sasa na ingekuwa na gani ikikarabatiwa. Meseji hiyo msiiforwadi tena tafadhali, mtu anaweza kumaliza akiba yake yote kwa kuiamini.