Je, wajua kwa nini gari la umeme hupashwa joto kabla ya kuchomolewa kwenye chaji?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa Januari, katika mtaa wa makazi mjini Oslo, gari la umeme lililolala nje limefunikwa na barafu nyembamba, na kebo yake ingali imechomekwa ukutani. Hamna mtu ndani, lakini feni inavuma, na barafu ya kioo cha mbele inaanza kulegea kuanzia chini, pale hewa ya moto inapopuliziwa, kisha inateleza vipande vipande. Mwenye gari bado yumo jikoni. Jana usiku aliweka kwenye simu kwamba ataondoka saa moja. Nchini Norway, ambako mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, hayo ni mazoea ya kila siku ya baridi. Kwa nini basi joto hilo litafutwe kabla kebo haijachomolewa, badala ya kungoja safari ianze?

Injini ya petroli hugeuza zaidi ya nusu ya nishati ya mafuta yake kuwa joto lisilosukuma gari, na hita huchota humo tu, ndiyo maana dereva wa petroli hakuzoea kuhesabu gharama ya joto. Mota ya umeme, ambayo hugeuza takriban asilimia 90 ya umeme kuwa mwendo, haiachi joto la kutosha kugawia abiria. Joto lao hutengenezwa kwa makusudi, na gari likishaingia barabarani, hutoka katika betri ile ile inayozungusha magurudumu.

Tupige hesabu. Hita inayovuta kilowati 5 kwa dakika 20 hula uniti 1.7 hivi za umeme. Gari linalotumia uniti 20 kwa kilomita 100 lingekwenda zaidi ya kilomita 8 kwa kiasi hicho. Katika safari ya kilomita 300 upungufu huo hauonekani, lakini mzazi anayempeleka mtoto shule iliyo umbali wa kilomita 4 anaweza kutumia umeme mwingi zaidi kupasha hewa kuliko kusogeza gari. Magari mengi ya sasa yana pampu ya joto, ambayo hukusanya joto kutoka hewa ya nje na hivyo kutoa joto maradufu au zaidi kwa umeme ule ule, ingawa faida hiyo hupungua kadiri baridi inavyozidi.

Betri nayo huumia, na kwangu mimi hapa ndipo penye uzito zaidi. Ndani ya betri, ioni za lithiamu, yaani chembe zake zenye chaji, husafiri katika kimiminika kutoka upande mmoja hadi mwingine, na baridi huzifanya ziende polepole. Ikichajiwa kwa nguvu chini ya nyuzi 0, ioni hushindwa kupenya upesi ndani ya grafaiti, kaboni inayozipokea upande mmoja wa betri, na kuganda juu yake kama utando wa metali ya lithiamu, na uwezo unaopotea kwa njia hiyo kwa kiasi kikubwa haurudi. Kwa hiyo gari lenyewe hupunguza kasi ya kuchaji, na hata ule umeme ambao mota huurudisha kwenye betri wakati wa kupunguza mwendo hukataliwa au kubanwa. Kuchaji kwenyewe huipasha betri kidogo. Ndiyo sababu ni busara kupanga chaji imalizike karibu na saa ya kuondoka, badala ya kumalizika saa tano za usiku na kuiacha betri ipoe hadi alfajiri.

Hata hivyo, kebo kuwa ukutani hakutoshi. Soketi ya kawaida ya volti 230 yenye ampea 10 hutoa kilowati 2.3 tu, kwa hiyo hita ikidai 5, zilizobaki huchotwa kwenye betri. Chaja ya ukutani ya ampea 32 hutoa kilowati 7.4, inatosheleza hita na kubakiza. Tena soketi inayobeba mkondo mkubwa saa kumi mfululizo kila usiku huweza kupata moto hadi kuungua. Anayechaji nyumbani kila siku anahitaji laini yake ya pekee iliyofungwa na fundi.

Wanorwei wana hesabu moja zaidi. Tangu Julai 2022, sehemu ya ada ya usafirishaji wa umeme hutegemea saa ambazo nyumba ilivuta umeme mwingi zaidi katika mwezi. Gari linalopashwa joto wakati jiko na hita ya maji vinafanya kazi linaweza kuipandisha nyumba daraja la ada, kwa hiyo wengi huchaji usiku, wakabakiza kazi ndogo ya asubuhi na kupasha joto kwa dakika chache tu.

Kule Muscat mwezi wa Juni, kanuni ni ile ile kwa upande wa pili: gari lililoegeshwa juani hupozwa lingali kwenye waya, kwa kuwa kiyoyozi huvuta umeme mwingi zaidi katika dakika za mwanzo, kinapopambana na viti na dashibodi vilivyokwisha kunywa jua, na hewa ikishapoa kinahitaji sehemu ndogo tu ya umeme huo.