Gemu inakwama kwenye kompyuta ya okazi (iliyokwisha tumika): dhana potofu na ukweli

Juzi kijana mmoja wa chuo aliniletea kompyuta yake ya mapajani mezani kwangu hapa Birere, Goma. Alikuwa ameshapiga Windows upya mara mbili na kununua RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) nyingine kwa dola alizojinyima, na bado mchezo wake wa mpira ulikuwa ukienda vizuri kwa dakika kumi, kisha unaanza kukokota. Nilipofungua kifuniko cha chini na kutoa feni, nilikuta kati ya feni na vibati vya kutolea joto tabaka la vumbi jeusi lililoshikamana kama kipande cha sufi, likanyanyuka zima kwa kibano. Hakuna RAM wala Windows mpya ambayo ingeliondoa. Inaniuma kuona vijana wakimaliza fedha kwa kufuata dhana walizorithishana, ilhali kila aina ya kukwama ina chanzo chake, na mara nyingi chanzo hicho hutambulikana bila kulipa chochote.

Dhana: Gemu ikikwama, ni mtandao, ongeza mega.

Kuna kukwama kwa namna mbili tofauti, na watu huziita kwa jina moja. Ukiona wachezaji wengine wanarukaruka kutoka hapa hadi pale, au adui anaanguka muda baada ya kumpiga, ilhali picha yako mwenyewe inageuka bila shida, mkosaji ni mtandao. Lakini picha yote ikikatikakatika hata unapogeuka tu kutazama kando, kosa liko ndani ya mashine. Ili kuthibitisha, zima intaneti ucheze dhidi ya kompyuta yenyewe: ikiendelea kukwama, mtandao hauna hatia.

Hata pale mtandao unapokuwa mkosaji, kununua mega nyingi si dawa, kwa kuwa mega ni kiasi cha data, si muda wa safari. Kutoka Goma hadi Paris ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya waya wa fiba husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kwenda na kurudi peke yake huchukua milisekunde 60, kabla hatujahesabu mizunguko ya waya nchi kavu na baharini. Johannesburg iko chini ya nusu ya umbali huo, na mchezo ukiwa na seva (kompyuta inayouendesha mtandaoni) huko inafaa kuijaribu, ila uangalie pingi yenyewe, yaani muda wa kwenda na kurudi, maana waya haufuati mstari wa ramani.

Dhana: RAM ikiongezwa, gemu inakimbia.

Inategemea ulikuwa na kiasi gani. Mwenye gigabaiti 4 na diski ya zamani ya kuzunguka ataona tofauti kubwa, kwa sababu kumbukumbu ikijaa, Windows huanza kuhamishia vitu kwenye diski, na diski hiyo ni ya polepole mno kwa kazi hiyo. Lakini mwenye gigabaiti 8, ambaye akicheza hutumia 5 au 6, akinunua zaidi anaongeza nafasi tupu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja wakati gemu inaendelea, utazame kiasi cha RAM kinachotumika kabla ya kutoa fedha.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wachache hulieleza. Kompyuta nyingi za bei nafuu hazina kadi ya grafiki ya peke yake. Sehemu ya kuchora picha imo ndani ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, nayo huazima RAM ileile. RAM moja ya aina ya DDR4 ya kasi ya 2400 hupitisha hadi gigabaiti 19.2 kwa sekunde, na mbili zikifanya kazi pamoja hupitisha hadi 38.4. Kwa hiyo RAM mbili za gigabaiti 4 mara nyingi huchezesha gemu vizuri kuliko moja ya gigabaiti 8, ingawa jumla ni ileile.

Dhana: Feni ikilia kwa nguvu, mashine inapoa.

Hapa ndipo naomba msomaji anisikilize kwa makini, kwa sababu katika mji wetu hii ndiyo sababu ninayokutana nayo kuliko zote. Feni inaweza kuzunguka kwa nguvu zake zote huku hewa haitoki, kama mtu anayepuliza moto kwa mrija ulioziba. Prosesa nyingi za Intel za kompyuta za mapajani zimewekewa kikomo cha joto cha karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Zikikifikia hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Ndiyo maana gemu huanza vizuri kisha ikachoka. Kwenye mashine ya yule kijana, kasi ilikuwa ikishuka kutoka gigahezi 2.6 hadi chini ya 1, nayo ilirudi mara tu tulipotoa vumbi na kupaka upya pasta ya kupitishia joto juu ya prosesa.

Goma ina mzigo wake wa ziada. Tunaishi juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na miaka yote hii magurudumu yanaisaga kuwa unga unaoingia kila penye tundu. Tena tuko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,500, ambako hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya pwani, hivyo feni ileile huondoa joto pungufu kuliko kule pwani. Usiweke mashine juu ya godoro wala blanketi. Unapoisafisha, izime, toa betri, shika feni kwa kijiti isizunguke ovyo, kisha piga vumbi kwa brashi laini na hewa kavu. Nawasihi msiende kwenye kompresa za mafundi wa pikipiki, kwa kuwa hutema maji pamoja na hewa, na nguvu yake huvunja mapanga ya feni.

Dhana: Chaja yoyote inayoingia inafaa.

Zidisha volti kwa ampea zilizoandikwa kwenye chaja. Volti 19.5 kwa ampea 3.34 ni wati 65. Kwa ampea 2.31 ni wati 45 tu. Baadhi ya kompyuta zikigundua chaja dhaifu au isiyo yake, hubana kasi ya prosesa bila kukupa onyo la wazi. Kucheza kwa betri nako hupunguza kasi, hata betri ikiwa mpya.

Dhana: i7 ni bora kuliko i5.

Hizi ni namba za prosesa za Intel, na kibandiko hakitaji mwaka. Core i7-4600U ya mwaka 2013 ina viini viwili. Core i5-8250U ya mwaka 2017 ina vinne. Nimeona watu wakilipia ya kwanza bei kubwa zaidi kwa ajili ya namba 7 peke yake. Soma namba yote, si tarakimu ya mwanzo.

Dhana: Kupiga Windows upya huponya kila kitu.

Mara nyingine huharibu. Dereva ya grafiki (programu inayoendesha sehemu ya kuchora picha) isipowekwa baada ya hapo, kompyuta itaonyesha jina Microsoft Basic Display Adapter, na kazi yote ya kuchora itaangukia prosesa. Programu za kusafisha RAM nazo ziacheni, kwani huziondoa data kwenye kumbukumbu kisha gemu huzihitaji tena papo hapo. SSD, yaani diski isiyozunguka, ni nzuri na ninaipendekeza, ila hufupisha kungojea gemu ifunguke, haiongezi fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde.

Mashine ikiwa safi, ina chaja yake, na bado gemu ni nzito, shusha ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Vitone vya kuchora hupungua kutoka zaidi ya milioni 2 hadi 921,600 kwa kila fremu. Zima na vivuli. Fremu zikipanda, sehemu ya grafiki ndiyo iliyokuwa imelemewa. Zisipopanda hata kidogo, aliyelemewa ni prosesa, na hapo punguza idadi ya watu na magari kwenye mchezo badala ya kuendelea kuiharibu picha.